Tuliposafisha kijito

Panga nililotumia lilikuwa la mjomba. Nalikumbuka kwa sababu mpini wake ulizungushiwa mpira wa tairi la baiskeli, na kwa sababu alinipa bila kuniuliza naenda kukata nini. Alidhani naenda kutafuta kuni.

Ilikuwa kiangazi cha mwaka 2006, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, njia ya Matombo. Huko kila bonde lina kijito, na vijito vyote mwisho wake ni Ruvu. Kwetu Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, kwa hiyo kipande nilichopewa kilikuwa cha ukoo wa mama yangu, na mwenye kauli juu yake ni mjomba. Kilikuwa kama robo tatu ya eka, bondeni kabisa, kinagusa maji. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hesabu yangu ilikuwa imekamilika kichwani: nyanya na kabichi za kiangazi, bei ya Morogoro mjini, pikipiki.

Kikwazo kilikuwa vichaka. Ukingo mzima, pande zote mbili, ulijaa mikuyu, mizambarau mwitu, mikindu na matete yaliyosongamana kiasi kwamba ukitaka kuchota maji unapita kwenye kiuchochoro kimoja umejikunja. Nikafyeka. Matete siku ya kwanza, mikindu siku ya pili, halafu nikaazima shoka na kuangusha mizambarau mitatu na mikuyu miwili. Mkuyu wa tatu, ule mkubwa uliokuwa umeinamia maji kwenye kona, ulinishinda. Nikauachia.

Wiki ile alipita mtu mmoja mwenye cheo, sitamtaja, akasimama juu ya njia akatazama bonde lote hadi chini. Akasema, "Safi sana kijana. Sasa hata nyoka hawana pa kujificha. Mto umekuwa msafi." Nilijisikia vizuri mno. Neno hilo, kusafisha, ndilo tulilokuwa tunalitumia wote. Hakuna aliyesema anakata miti. Tulisema tunasafisha mto.

Mjomba alipoona hakupiga kelele. Alikaa kwenye kisiki akavua viatu, akatia miguu majini, akauliza, "Mpwa wangu, hawa samaki sasa watakaa wapi?"

"Si watakaa majini, mjomba?"

Hakujibu. Nikaona amezeeka.

Inabidi nieleze ni samaki gani, maana anayetoka ziwani akisikia "samaki" anawaza sangara au sato. Wa kwetu ni wadogo. Wengi hawazidi urefu wa kidole: vile visamaki vyepesi vya rangi ya fedha vinavyokwenda kwa makundi, ambavyo sisi watoto tuliviita dagaa wa mtoni ingawa si dagaa kabisa. Kulikuwa na perege wachanga kwenye maji yaliyotulia, kambare mmoja mmoja, na mara chache sana mkunga, ambaye huzaliwa baharini akapanda mito mpaka milimani. Na kulikuwa na kale kakambare kadogo ka kwenye mawe. Nakapenda kuliko wote. Hakazidi kidole cha kati, tumbo bapa, macho yako juu ya kichwa kama ya chura, na kakikaa chini ya jiwe kwenye maji yanayokwenda kasi hakatetereki. Baadaye nilijifunza kwamba Mjerumani mmoja, Georg Pfeffer, alikaandika kwenye vitabu vya sayansi mwaka 1889 kutoka huku huku Tanganyika, na jina alilokapa maana yake ni "mtazama mbingu". Nilicheka. Macho yale yanatazama juu kweli.

Chakula hiki hakikuwa cha kuuza. Mama alikuwa akitega mgono, ule mtego wa samaki, jioni chini ya mizizi ya mkuyu, na asubuhi mlikuwa na kitoweo cha kuchanganya na nyanya chungu. Kama kuna nyama nyumbani, mgono hautegwi. Kama hakuna, na mara nyingi haikuwepo, mto ndio bucha. Watu wa mipango wanaohesabu tani za samaki kutoka ziwani hawawezi kuuona mgono wa mama yangu, na siwalaumu, lakini watoto wanne walikuzwa na ule mgono.

Sasa jambo lililonichanganya, na ambalo mpaka leo nikiwasimulia watu hawalitegemei: mwaka wa kwanza samaki waliongezeka. Au tuseme walionekana kuongezeka. Jua lilipopata nafasi ya kufika chini, mawe yalivaa utando wa kijani unaoteleza, na perege wadogo wakaja kuugugunda. Ukisimama ukingoni unawaona wazi, makundi kwa makundi. Nikamwita mjomba aje aone. Nikamwambia, "Uliuliza watakaa wapi. Si hawa hapa?"

Akatazama, akasema, "Nawaona. Na yule naye anawaona." Juu ya kisiki cha mzambarau alikuwa amekaa mdiria, ndege wa buluu mwenye mdomo kama mkuki. Alidumbukia mara tatu wakati tunazungumza, na mara mbili aliibuka na kitu. Zamani ndege yule ilibidi apenye kwenye vichaka. Mimi nilikuwa nimemfagilia uwanja.

Halafu ikaja masika ya 2007.

Mwenye kuishi bondeni anajua maji ya masika yanavyokuja: hayapandi polepole, yanafika. Miaka yote kabla ya hapo mto ulifurika na kupungua, na ukingo ukabaki palepale kwa sababu mizizi ya mikuyu na mikindu ilikuwa imeufuma kama jamvi. Safari hii ukingo wangu ulikatika vipande vipande. Nilisimama kwenye mvua nikiangalia tuta la kabichi likiinama, likaning'inia, likaenda, na kabichi zake zikaelea kama vichwa vya watu wanaoogelea. Nilipoteza upana wa hatua nne hivi. Maji yalipotulia, kile kipande cha mto chenye mawe na kokoto, alikokaa mtazama mbingu, kilikuwa uwanja wa tope laini. Unakanyaga unazama mpaka kifundoni. Mapengo yote kati ya kokoto yalikuwa yamezibwa, na mapengo yale ndiyo yaliyokuwa nyumba yao na mahali pa mayai yao.

Kiangazi kilichofuata mgono wa mama ulikuwa unatoka na kaa mmoja, au jani, au hamna kitu. Hata wale perege waliojaa mwaka uliopita walikuwa wachache. Sitaki kujifanya najua kila sababu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisuuza bomba la kupulizia dawa ya wadudu palepale mtoni, kama walivyofanya wenzangu wote juu na chini yangu, kwa hiyo nikisema ni miti peke yake nitakuwa najionea huruma. Lakini pale kwenye kona, chini ya ule mkuyu ulionishinda, kilibaki kidimbwi chenye giza, na mama alipohamishia mgono pale, akapata. Si wengi. Akapata.

Sikuunganisha mambo hayo wakati ule. Niliona tu kwamba ile kona ina bahati.

Nilichokuja kuelewa nilikielewa mbali na nyumbani. Kilimo kiliponikataa nilipata nafasi ya kusoma uvuvi Mbegani, Bagamoyo. Siku ya kwanza nilipoelekezwa kwamba Ruvu inaingia baharini karibu na pale, niliona aibu ya ajabu, kana kwamba udongo wangu umenitangulia kufika.

Mwalimu mmoja alikuwa akifundisha habari za hewa ndani ya maji kwa ajili ya mabwawa ya kufugia samaki. Mito midogo hakuitaja kabisa. Alisema lita moja ya maji ya nyuzijoto 20, kwenye usawa wa bahari, inaweza kubeba oksijeni kama miligramu 9. Yakipata joto la 30, inabeba kama miligramu 7 na nusu tu. Halafu akaongeza jambo ambalo liliniingia kama msumari: samaki hana joto lake mwenyewe, maji yakichemka naye anachemka, na mwili wake ukiwa wa moto unadai hewa zaidi. Yaani hewa inapungua wakati uleule mahitaji yanapozidi. Nikaandika kwenye daftari, si jibu la mtihani, nikaandika: *mizambarau*.

Likizo niliazima kipimajoto, nikarudi nacho kijijini kimefungwa kwenye soksi. Saa nane mchana, jua la Januari likiwa utosini, nilipima kwenye kipande changu kilichofyekwa, halafu nikapanda mto kama mwendo wa dakika kumi hadi penye msitu wa matambiko wa ukoo, ambao hakuna aliyethubutu kuugusa kwa sababu wazee wamezikwa mle. Tofauti ilikuwa nyuzi nne na kitu. Maji ni yaleyale, kijito ni kilekile. Nilirudia mara mbili nikidhani kipimajoto kimeharibika.

Na mle ndani ya msitu wa matambiko nilifanya kitu ambacho sikuwahi kukifanya nilipokuwa mtoto, ingawa nilicheza mle kila siku. Nilichota fungu la majani yaliyooza lililokwama nyuma ya jiwe, nikalimwaga kwenye beseni jeupe lenye maji. Kwanza huoni kitu; takataka tu. Unangoja. Halafu takataka inaanza kutembea. Kijiti kimoja kilitoa miguu sita: ni buu aliyejijengea kijumba kwa vipande vya majani na vijiti alivyovikata mwenyewe. Wengine bapa, mikia mitatu nyuma, wanakimbia ubavuubavu. Buu wa kereng'ende, mkubwa, ananyemelea wenzake. Kaa mdogo wa mtoni amekumbatia kipande cha jani la mkuyu, anakitafuna kutoka pembeni kama mtu anayekula chapati. Jani jingine lilikuwa limeliwa lote ikabaki mishipa mitupu, kama wavu.

Nilikaa pale hadi miguu ikafa ganzi. Kumbe chakula cha wale samaki hakikuwa kinaota majini. Kinaota juu, kinaanguka. Jani linaanguka, ukungu na vijidudu vinalilainisha, buu na kaa wanalitafuna, samaki anamla buu. Na juu ya hayo kuna vinavyodondoka vikiwa hai: mchwa, nondo, panzi, kumbikumbi wa mvua za kwanza za vuli, na zile kuyu zilizoiva ambazo tukiwa watoto tulizisikia zikianguka majini, tubwi, na maji yakachafuka mara moja kwa samaki kugombania. Nilikuwa nimekata miti mitano nikidhani nimeondoa kivuli. Niliondoa ghala.

Nikamsimulia mjomba, nikimpa maneno yote ya Mbegani. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni. Kisha akanikumbusha habari ya utupa.

Nikiwa na miaka kama kumi, mimi na wenzangu tulitwanga majani ya utupa, ule mmea wa maua ya zambarau unaopandwa pembeni mwa mashamba, tukayamimina kwenye kidimbwi. Dakika chache samaki wakaanza kupanda juu, midomo wazi, wanazunguka kama walevi. Tuliokota tulivyoweza. Vilivyobaki, vile vidogo ambavyo haviliki, vilielea tumbo juu mpaka chini kwenye maporomoko. Sasa najua kwamba sumu ya utupa inaitwa rotenoni na inauzuia mwili kutumia oksijeni, kwa hiyo samaki anakosa pumzi katikati ya maji yenye hewa tele. Uvuvi wa sumu unakatazwa na sheria pia. Siku ile nilichojua ni fimbo. Mjomba alinichapa mbele ya wenzangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kabla.

"Ile siku nilikuchapa," akasema, "kwa sababu uliua wa siku moja. Hii ya kufyeka sikukuchapa, ulikuwa umeshakuwa mkubwa."

Kupanda tena kulikuwa na makosa yake, na makosa hayo ndiyo ningependa mtu mwingine asiyarudie. La kwanza ni langu: nilipanda mikaratusi. Mche ulikuwa rahisi kupatikana, unakua haraka, na niliwaza nguzo za kuuza. Mti ni mti, nilijiambia. Miaka mitatu baadaye nilikuwa na kivuli, lakini chini yake hakuna kinachoota, udongo uko wazi, na mvua inauchukua kama zamani. Majani yake nilipoyamwaga kwenye beseni langu jeupe yalikuwa magumu, yana harufu ya dawa ya kikohozi, na karibu hayajaguswa. Buu wa vijiti hakuwepo. Mkaratusi pia hunywa sana, na kijito chenyewe ni chembamba kiangazi. Niliing'oa yote, na jirani aliniona mwendawazimu kwa kuing'oa kabla ya kukomaa.

La pili ni ile habari ya mita sitini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Shabaha yake naikubali kabisa. Lakini shamba langu lote, kutoka maji hadi njiani, halifiki mita hizo. Ukiifuata neno kwa neno mimi sina shamba, na bonde zima halina mkulima. Tuliambiwa hivyo kwenye mkutano mmoja, kwa ukali, na matokeo yake ni kwamba watu waliogopa kupanda mti wowote ukingoni wasije wakaambiwa wamekiri kuwa pale si pao. Waliendelea kulima hadi majini. Ningekuwa na uwezo ningewaambia watu: anza na hatua kumi. Hatua kumi mtu anaweza kuzitoa bila kulia.

Mimi nilitoa hatua kumi na mbili. Miti ya mkuyu haihitaji kitalu. Unakata tawi nene kama mkono mwanzoni mwa mvua, unalichomeka kwenye udongo wenye unyevu, na mengi yanashika. Kati yake niliyaacha matete yarudi yenyewe, na yalirudi bila kualikwa. Yanashika tope kuliko kitu chochote, na shina lake likilala majini visamaki vichanga hujazana humo kwa sababu mdiria hapenyi. Mama alidai magimbi, kwa kuwa lazima hatua kumi na mbili zile zilishe mtu pia, na alikuwa na haki. Magimbi yanapenda maji, majani yake mapana yanatupa kivuli ukingoni, na unayachimba kwa kijiti bila kuupindua udongo wote. Mikindu tulipanda michache kwa ajili ya ukili wa mikeka. Mizambarau mwitu inakwenda polepole. Ya kwangu bado inanifika kifuani.

Miti miwili ilianguka yenyewe majini kwa upepo, na hapo nilishindana na kila aliyepita. Kila mtu alitaka kuiondoa: mto umeziba, safisha. Niliacha gogo moja lililolala mshazari. Maji yalipolipiga yalichimba chini yake, na ndani ya masika mawili pakawa na kidimbwi cha kufika kiunoni, na upande wa juu wake kokoto zimesafishika tena kwa sababu maji yanapita kasi. Usafi wa aina hiyo sikuufanya mimi.

Mwaka 2019 nilipindua jiwe pale juu ya gogo, nikakaona. Kamoja tu, kanakaza tumbo kwenye mwamba, macho juu. Nikarudisha jiwe taratibu kama unavyofunika mtoto aliyelala. Mjomba hakuwepo kuonyeshwa, alikuwa amekwenda mwaka mmoja kabla. Perege ni wachache kuliko ule mwaka wa utando wa kijani, niseme ukweli, maana wao wanapenda jua, na sasa jua wanalipata kwenye vipande viwili vitatu tu vilivyo wazi. Wale wa rangi ya fedha wamerudi kwa makundi. Ninajua si kwa kuwaona, maana kwenye giza lile huoni kitu, bali kwa sababu kuyu ikianguka maji yanachafuka.

Sasa mwenye kauli juu ya kipande kile ni mimi, kwa watoto wa dada yangu. Juzi mdogo wao, wa darasa la nne, alikuwa akivua kwenye kidimbwi cha gogo kwa ndoano ya pini, na kila akirusha uzi unakwama kwenye matawi ya mkuyu. Akaja nyumbani anavuta miguu, uzi umejiviringa mkononi.

"Mjomba, lile tawi linanisumbua. Naomba panga."

Lile panga lipo bado, mpira wa mpini umeshachakaa. Nilimwambia tukae kwanza tufungue huo uzi, nikamfundisha kurusha kwa chini, mkono ukipita ubavuni. Alikwama tena mara nne kabla hatujapata mmoja.